NESI, USIUZE KIWANJA CHA MAMA KWA KARATASI YA WAKALA

Ndugu msomaji, wiki hii tuwaache vigogo wapumue kidogo. Tuzungumze habari ya manesi.

Najua mkono wako tayari uko kwenye ukurasa wa michezo. Unasema manesi ni habari za akina dada. Subiri. Siku hizi vyuo vya uuguzi vina vijana wa kiume tele, na wakifika wodini wagonjwa huwaita "dokta" kwa sababu tu wana ndevu. Kama wewe si nesi, basi dada yako ni nesi, au mchumba wako, au yule jamaa mliyecheza naye chandimu utotoni. Siku atakapokuja na karatasi ya safari mkononi, wewe wa kijiweni ndiye utakayeulizwa: "Unaonaje, nilipe?"

Mimi niliulizwa, nikajibu vibaya. Ndiyo sababu naandika.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alimaliza stashahada ya uuguzi, akapata leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, akaanza kungoja ajira ya serikali. Mwaka wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Wa tatu ukamkuta anajitolea katika hospitali moja hapa jijini, nauli ya daladala anapewa na mama yake. Usiku anazunguka wodi nzima peke yake, anatundika dripu, anabadilisha shuka, anafumba macho ya marehemu. Asubuhi anarudi nyumbani hana hata pesa ya chapati.

Basi mimi, mwandishi wa kujitegemea niliyeishia kidato cha nne, nikamletea habari niliyoiokota kijiweni. Kuna ofisi ghorofani, katikati ya mji, inapeleka manesi Uingereza. Tukapanda ngazi pamoja. Tulikuta kiyoyozi, bendera ndogo mezani na kalenda yenye picha ya daraja la London. Bwana mmoja wa suti akataja shilingi milioni nne na nusu, eti ni "ada ya usajili, viza na mafunzo". Akaongeza kwamba nafasi zimebaki mbili.

Mdogo wangu akanigeukia. "Kaka, unaonaje?"

Nikamwambia, "Lipa. Ngoja ngoja yaumiza matumbo."

Mama mdogo akauza kiwanja chake cha Chanika. Miezi minne baadaye tulipopanda zile ngazi tulikuta duka la simu. Yule bwana wa suti hapatikani. Jalada tulilofungua polisi liko hukohuko kabatini mpaka leo.

Sasa nisikilize vizuri. Sisemi manesi wasisafiri. Mtu aliyesoma na kufaulu ana haki ya kuuza ujuzi wake anakotaka, na asiyempa kazi hana mdomo wa kumzuia. Ninachosema ni kwamba safari ya nesi ina kanuni zake, na kanuni hizo zimeandikwa, wala si siri. Tungezijua siku ile, tusingepanda ngazi.

KWA NINI WANAONDOKA

Tuanze na ukweli ambao wakubwa hawaupendi. Nesi hakimbii nchi kwa kupenda baridi ya Ulaya. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1993 serikali ilipofunga milango ya ajira kwa masharti ya wakopeshaji, wahitimu wa afya wakakaa nyumbani na vyeti vyao. Ndipo kaka na dada zetu wengi wenye taaluma wakakata tiketi kwenda Botswana na Afrika Kusini. Hii ya leo ni sura nyingine ya filamu ileile.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa mno wa watumishi wa afya. Tanzania imo. Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zimo. Kwa lugha ya mtaani maana yake ni hii: hawa wagonjwa wao ni wengi kuliko manesi wao, msiende kuwakomba.

Hapo ndipo mwananchi wa kawaida anapokuna kichwa. Nchi imo katika orodha ya wenye njaa ya manesi, na wakati huohuo manesi wamekaa vijiweni wakicheza bao. Mgonjwa analala chini kwa kukosa mtu wa kumhudumia, na mhudumu amelala nyumbani kwa kukosa ajira. Nani aliyepiga hesabu hii? Ukiuliza unaambiwa bajeti. Ukiangalia magari yanayopita na ving'ora unajiuliza ni bajeti gani.

Lakini leo sitaki kuishia kwenye kulalamika. Kulalamika hakujamrudishia mama mdogo kiwanja chake.

MLANGO WA UINGEREZA

Orodha ile ya nchi 55 ndiyo silaha yako ya kwanza. Serikali ya Uingereza ina kanuni za maadili za kuajiri watumishi wa afya kutoka nje, na katika kanuni hizo nchi zilizomo kwenye orodha zimewekwa katika rangi nyekundu. Maana yake, waajiri na mawakala hawaruhusiwi kuja kutafuta manesi katika nchi hizo. Nesi mwenyewe, kwa hiari yake, anaruhusiwa kuomba kazi moja kwa moja kwa mwajiri.

Umeielewa hiyo, kijana? Wakala anayefungua ofisi Dar es Salaam na kutangaza kwamba hospitali za serikali ya Uingereza zimemtuma akusanye manesi anavunja kanuni za hao anaodai wamemtuma. Na kanuni hizohizo zinasema mtafuta kazi asitozwe ada ya kutafutiwa kazi. Anayemlipa wakala ni mwajiri. Kwa hiyo zile milioni nne na nusu zilikuwa uongo kabla hazijatoka mkononi mwa mama mdogo. Kuhesabu noti hakukuwa na haja. Swali moja tu lilitosha.

Wenzetu wa Kenya wana njia tofauti kidogo. Julai 2021 serikali yao ilitia saini makubaliano na Uingereza ya kupeleka wauguzi na watumishi wengine wa afya, na kuanzia Novemba mwaka huo Kenya iliwekwa katika rangi ya njano: kuajiri kunaruhusiwa kwa kupitia makubaliano hayo ya serikali na serikali. Mkenya akija kukusimulia alivyosafirishwa kwa mpango, usidhani mpango huo unakuhusu wewe wa Temeke.

Na hao Wakenya waliachia funzo jingine. Novemba 2021 waziri wao wa afya wakati huo, Mutahi Kagwe, alieleza hadharani kwamba kati ya manesi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza ni 10 tu waliofaulu. Kumi! Na hao ni Wakenya, ambao sisi huwaogopa kwa Kiingereza chao. Sisi tuliosoma shule za kayumba, tulioimba "good morning teacher" tukiwa wanafunzi mia darasani, tujiulize mara mbili.

Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza linataka alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika, kwa mtihani wa IELTS. Upo mtihani mwingine uitwao OET, ambao umetungwa kwa watu wa afya. Huko unaandika barua ya kumhamisha mgonjwa badala ya insha juu ya utalii. Manesi wengi huona huo unafanana zaidi na kazi wanayoijua. Baada ya lugha kuna mtihani wa kompyuta, kisha mtihani wa vitendo uitwao OSCE, ambao hufanyika hukohuko Uingereza na ada yake ni karibu pauni 800. Mwajiri wa kweli mara nyingi hulipa au hurudisha gharama hizo. Muulize kabla, na jibu lake liwe kwa maandishi.

Kwa hiyo kama una akiba ndogo, usiipeleke ghorofani. Ipeleke kwenye lugha. Nunua kitabu, tafuta mwalimu wa jioni, sikiliza taarifa ya habari ya Kiingereza usiku, andika ukurasa mmoja kila siku umpe mtu akusahihishie. Wakala akitoroka, pesa yako imetoroka naye. Kiingereza ukishakipata hakuna wa kukikimbia nacho.

Kuna mtego mwingine mpya. Mawakala wengi walikuwa wakiuza kazi za kutunza wazee majumbani, wakisema, "Nenda kwanza na hiyo, unesi utaupata hukohuko." Ijue tarehe hii: tangu Julai 22, 2025 Uingereza imefunga njia ya kuajiri wahudumu wapya wa aina hiyo kutoka nje ya nchi. Anayekuuzia leo anakuuzia mlango uliopigwa misumari.

Mshahara je? Nesi anayeanza katika hospitali za umma za England, daraja la tano, kwa mwaka wa fedha 2024/25 alianzia pauni 29,970 kwa mwaka kabla ya makato. Ukigeuza kwa shilingi unaruka juu kwa furaha. Tulia. Hutaishi kwa shilingi kule. Kuna kodi ya mapato, bima ya taifa, pensheni, pango la nyumba, umeme wa kupasha joto na nauli. Hesabu kwa pesa ya kule, uone kinachobaki, ndipo ugeuze hicho kilichobaki. Hesabu nyingine zote ni za kijiweni.

MLANGO WA GHUBA

Wengine macho yao yako Saudia na nchi jirani za Ghuba. Huko mikataba mingi ya manesi ni ya miaka miwili, mara nyingi pamoja na malazi na tiketi ya ndege, na Saudia haikati kodi ya mapato kwenye mshahara. Kwa mtu anayetaka kuweka akiba ya haraka ajenge, hesabu inaweza kukubali.

Lakini huko nako kuna mitihani. Vyeti vyako hukaguliwa mpaka kwenye chuo ulichosoma na baraza lililokupa leseni. Ole wake aliyeghushi hata mwezi mmoja wa uzoefu, maana jina lake likichafuka hapo ni vigumu kulisafisha. Kisha kuna mtihani wa kitaaluma wa kompyuta.

Na kuna suala la udhamini wa mwajiri, kile wanachokiita kafala. Machi 2021 Saudia ililegeza sheria hiyo, na mfanyakazi aliye chini ya sheria ya kazi, baada ya kutimiza mwaka mmoja, anaweza kuhamia mwajiri mwingine bila kibali cha yule wa kwanza. Angalia sana maneno hayo: aliye chini ya sheria ya kazi. Watumishi wa majumbani hawakuingizwa katika nafuu hiyo. Kwa hiyo nesi, kama viza yako imeandikwa mtumishi wa ndani huku wakala anakuambia "hilo ni jina tu, ukifika utabadilishiwa", geuka urudi nyumbani ukiwa bado uko nyumbani. Maneno mawili kwenye viza yanaweza kukutoa wodini na kukuweka jikoni kwa mtu.

Sheria ya huko inakataza mwajiri kukaa na pasi yako ya kusafiria. Akikuomba aikague, mpe aikague, airudishe. Ukimaliza mkataba unastahili kiinua mgongo, nusu ya mshahara wa mwezi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza. Nani alikuambia hayo pale ghorofani? Hakuna. Mtu anayekuuza hakufundishi bei yako.

MLANGO WA MAREKANI

Marekani ndiko wimbo wa kila kijiwe. Mtasikia habari za "manesi wa kusafiri" wanaolipwa mabunda ya dola. Habari hizo ni za kweli ila zimekatwa mkia.

Huko kuna mtindo wa nesi kuajiriwa na kampuni na kupelekwa hospitali yenye upungufu kwa mkataba mfupi, kwa kawaida wiki 13. Ukiisha anaongeza au anahamia mji mwingine. Wakati wa corona, 2020 mpaka 2022, malipo yao yalipanda mpaka watu wakaacha kazi za kudumu kuyakimbilia. Kisha yakaporomoka, na wapo waliopunguziwa malipo katikati ya mkataba waliokwisha kuutia saini, wakaishia mahakamani.

Kama una kaka au dada aliyeko kule kihalali, tayari ana leseni, na anafikiria maisha hayo, mpelekee maswali haya. Saa ngapi kwa wiki mkataba unamhakikishia malipo hata hospitali ikimwambia leo usije? Malipo ni kiasi gani ya saa, na kiasi gani ni posho ya nyumba na chakula? Hiyo posho haitozwi kodi iwapo tu ana makazi yake halisi kwingine anayoyagharamia. Asiye na makazi hayo akipokea posho hiyo bila kuilipia kodi anajichimbia shimo kwa watoza kodi wa kule. Bima ya afya inaendelea kati ya mkataba na mkataba, au inakatika siku ya mwisho? Wanaweza kumhamishia wodi asiyoijua? Leseni yake inakubalika jimbo hilo? Majimbo mengi yameungana kutambua leseni moja, lakini California haimo katika umoja huo.

Wewe uliye hapa, njia yako ni ndefu kuliko hiyo. Kuna kuthibitisha elimu, kuna mtihani wa NCLEX wa kupata leseni, kuna lugha, kuna cheti cha ukaguzi kwa ajili ya viza, kisha foleni ya viza yenyewe inayoweza kula miaka. Na milango ya Marekani hufungwa na kufunguliwa kwa tangazo la siku moja, kwa hiyo ulizia ubalozini hali ilivyo kabla hujalipa hata senti. Anayekuambia miezi mitatu utakuwa Texas, mwombe akuonyeshe mtu mmoja aliyefika kwa miezi mitatu.

SOMA KARATASI

Sasa tuje kwenye karatasi, maana hapo ndipo wengi wetu tunapozama. Siku ile ghorofani mdogo wangu alitia saini kurasa saba za Kiingereza cha mawakili. Mimi nilikuwa nashangaa kiyoyozi. Hakuna aliyesoma.

Kuna kipengele kimoja kinaitwa faini ya kuvunja mkataba. Unaambiwa ukiondoka kabla ya miaka mitatu, lipa. Kiasi gani? Manesi wa Kifilipino waliopelekwa katika nyumba za wazee mjini New York waliandikiwa dola 25,000. Walipofika wakaona mshahara si ule walioahidiwa, na kuondoka hawawezi kwa sababu ya deni hilo. Mmoja wao akaenda mahakamani mwaka 2017 kwa niaba yake na ya wenzake zaidi ya 200. Septemba 2019 jaji wa mahakama ya shirikisho aliamua kwamba faini ile ilivunja sheria inayokataza usafirishaji haramu wa binadamu. Rudia kusoma sentensi hiyo. Karatasi yenye mhuri, wakili na ofisi nzuri ilionekana na jaji kuwa pingu.

Hata Uingereza kuna vipengele vya kurudisha gharama ukiondoka mapema. Kanuni za huko zinataka kiasi hicho kiwe gharama halisi na kipungue kadiri unavyotumikia. Kama karatasi yako inadai kiasi kilekile mwezi wa kwanza na mwezi wa thelathini, iulize kwa nini.

Kabla ya kalamu kugusa karatasi, hakikisha mambo haya yameandikwa:

Jina la hospitali au kituo chenyewe. Jina la wakala peke yake halitoshi.

Wodi gani, na saa ngapi kwa wiki. Zamu za ziada zinalipwaje.

Mshahara kabla ya makato na makato yenyewe ni yapi.

Nyumba ni ya nani, mnakaa wangapi chumbani, na inakatwa kwenye mshahara au la.

Tiketi ya kwenda na ya kurudi inalipwa na nani. Wengi hukumbuka ya kwenda tu.

Ukiugua, ukifiwa au ukipata ujauzito inakuwaje.

Ukiondoka mapema unadaiwa nini hasa, na deni linapungua vipi.

Kama hujui Kiingereza cha mawakili, usione haya. Mpelekee mwalimu wako wa chuo, mpelekee nesi mzee aliyewahi kutoka, mpelekee wakili umlipe kidogo ya kusoma. Pesa ya kusomewa ni ndogo kuliko kiwanja.

KABLA HUJAFUNGA BEGI

Wakala wa ajira hapa nchini anatakiwa awe amesajiliwa na Kamishna wa Kazi. Muulize leseni yake, chukua namba, nenda wizarani uithibitishe mwenyewe. Tapeli huogopa mtu anayeandika namba kwenye daftari. Kisha itafute hospitali yenyewe inayodaiwa kukuajiri, uiulize kwa anwani uliyoipata wewe. Usitumie anwani uliyopewa na wakala.

Leseni yako ya Baraza ihuishe, usiiache ikafa. Kila nchi utakayoomba italiuliza Baraza kama wewe ni nesi mwenye sifa safi. Na kama tayari uko serikalini, usitoroke kazini. Omba likizo bila malipo, jibu likawe la maandishi. Mtoro akirudi hukuta jina lake limefutwa na haki zake zimepotea.

Usikope kausha damu kwa ajili ya safari. Deni la riba halisubiri viza. Viza ikichelewa miezi sita, deni limekwisha kula friji, kitanda na heshima ya mama yako.

Kaa na familia mzungumze habari ya pesa kabla hujaondoka. Sema wazi utatuma kiasi gani kila mwezi, na kwamba miezi ya mwanzo hutatuma kitu. Huku nyumbani tunafikiri mtu aliyepanda ndege ameketi kwenye mti wa noti. Kijana unayesoma hapa, wewe usiwe wa kwanza kumpigia simu usiku wa manane kumwomba za pikipiki. Yuko zamu, amesimama tangu jioni, na mgonjwa wake ameita kengele mara ya nane.

TUNACHOTAKA KWA SERIKALI

Hatuombi miujiza. Tunataka mambo manne.

Kwanza, ajirini manesi waliopo. Chuo kinachozalisha wahitimu wa kukaa kijiweni kimetumia kodi ya wananchi kwa hasara, na hasara hiyo inalipwa na mama mjamzito anayejifungulia sakafuni.

Pili, orodha ya mawakala wenye leseni, na ya waliofungiwa, ichapwe magazetini na ibandikwe katika kila chuo cha uuguzi na kila ofisi ya kata, kwa Kiswahili. Ikibaki kwenye jalada la wizara, inamlinda nani?

Tatu, mkataba wowote wa serikali na serikali unaohusu watu wetu kufanya kazi nje uwekwe hadharani, mtu auone kabla hajasafiri.

Nne, jalada la mdogo wangu lifunguliwe. Na majalada mengine ya namna hiyo. Mwizi wa kuku Manzese anakamatwa kabla supu haijachemka. Aliyekula kiwanja cha mjane na kuhamia ghorofa nyingine na kalenda nyingine anaendelea kuvaa suti.

KIJIWENI

Mdogo wangu hajakata tamaa. Usiku anauza katika duka la dawa, mchana anasoma Kiingereza. Mtihani wa kwanza ulimwangusha kwenye kuandika kwa alama ndogo. Sasa kila jioni ananiletea ukurasa mmoja, nami nausahihisha kwa kamusi, ingawa siku hizi yeye ndiye ananisahihisha mimi. Safari hii anaandika maombi mwenyewe, moja kwa moja kwa hospitali, na hajamlipa mtu yeyote.

Mama mdogo hakunilaumu hata siku moja. Hilo ndilo linaloniuma. Kila nikienda ananikaribisha chai na kuniuliza habari za gazeti.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kijana mwenzangu. Atakapokuja huyo nesi wenu na karatasi yake, akakuuliza "Unaonaje, nilipe?", usimjibu haraka kama nilivyofanya mimi kwa kuogopa kuonekana mshamba mbele ya mtu wa suti. Mwambie aketi. Chukua karatasi, anza ukurasa wa kwanza, msome wote wawili mpaka wa mwisho. Na mkifika pale palipoandikwa ada, muulizeni wakala swali moja tu: kama kazi ipo na mwajiri anatuhitaji, kwa nini tunalipa sisi?

Akibabaika, shukeni ngazi. Kiwanja cha mama bado kitakuwepo.